Taa ya Mchana

14 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu ndiyo inayonung'unika. Wewe je? Kikohozi kimekuacha? Kile kiti chako cha dukani kimepata mguu wa nne, au bado kinasimamia tofali?

Nimekupigia simu mara sita tangu mwaka uanze. Ujue kwamba mtandao huku unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule, tena usimame ukielekea upande mmoja tu, watoto wakikucheka. Mara tano hukupokea. Mara ya sita ulipokea, ukasema "Haloo, haloo, nani huyo?" ukakata. Basi nimeona nikuandikie. Dereva wa lori la mahindi hupita hapa kila baada ya wiki mbili na amekubali kuwa posta yetu.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Zahanati yetu imeletewa baiskeli ya umeme, mpya, rangi ya chungwa. Wenye mradi walinipandisha juu yake, wakanipiga picha nikicheka, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza umeme wenyewe uko wapi. Huku nguzo zimefika, nyaya hazijafika. Sola ya zahanati inatosha friji ya chanjo na taa moja, na mganga wetu ameapa kwamba atakayechomeka chaja pale atamjua yeye ni nani. Na bila betri baiskeli hii ni nzito, kuikanyaga mlimani ni kama kumwinua ng'ombe asiyetaka kuamka. Kwa hiyo naiegemeza ukutani, najitwika sanduku la dawa, napanda kwa miguu kwenye vijiji vya juu. Mwendo wa saa tatu kupanda, mbili kushuka.

Mjomba, naomba jenereta ya mama. Petroli huku ipo, muuza duka anaiuza kwa chupa. Mama ana miaka minne kaburini na cherehani yake haishoni tena. Naandika haya nacheka peke yangu, maana nimekumbuka siku alipoileta nyumbani, mwaka ule baba alipotuacha. Alisema, "Huyu ndiye mwanamume wangu sasa. Nikimpa petroli anafanya kazi, nikimnyima ananyamaza." Na wewe tangu siku ile ukawa unaiamkia kila asubuhi, "Hujambo Shemeji?"

Basi nipe Shemeji. Nitamtunza.

Mpwa wako

*

2 Februari

Mpwa wangu, mama,

Marahaba. Barua yako imefika. Huyo dereva wako ameipenyeza chini ya mlango akaenda zake, sijui kwa nini hakubisha hodi kama watu waliolelewa.

Kuhusu simu usinilaumu. Simu za siku hizi zina sauti ya mbu mgonjwa. Mimi nimetengeneza redio za mtaa huu tangu zilipokuwa kubwa kama kabati, najua sauti ikiwa sauti. Barua ni bora. Barua haikatiki katikati.

Hapa nyumbani hatujambo. Duka nimelifunga kwa muda, napumzika. Miaka thelathini na minne kwenye kiti kimoja, hata kiti kimeomba ruhusa. Sufuria ya chai imeungua, ya pili mwezi huu. Maji ya siku hizi yanachemka kimyakimya, sijui wanayatia nini. Mshona viatu wa jirani anakusalimu. Anasema umeolewa na mlima.

Kuhusu Shemeji, pole, hali yake si nzuri. Kabureta imeziba, plagi imekwisha na kamba ya kumvutia imekatika. Usimtegemee karibuni. Waambie hao wenye mradi wakuletee nyaya, ndiyo kazi yao.

Chumba cha mama yako nimekiacha kilivyokuwa. Mkasi uko kwenye msumari wake, chaki ziko kwenye kopo la maziwa, na nguo ya mwisho aliyoianza, gauni la nani sijui, bado ina mkono mmoja. Nikifungua mlango napata ile harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Paka wa jirani amejifanya mpangaji humo. Analala juu ya meza ya cherehani siku nzima, isipokuwa Jumamosi saa kumi. Shemeji akianza kunguruma tu, hutoka mbio kama anadaiwa kodi.

Kula vizuri. Mlima hauna huruma na mtu mwembamba.

Mjomba wako

*

16 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu kwa sauti, mbele ya mganga, tukiwa tunakunja bandeji. Ni yeye aliyeinua kichwa akaniuliza, "Hiyo jenereta mbovu inangurumaje Jumamosi?"

Nami nakuuliza wewe. Kamba imekatika, plagi imekwisha, na paka anakimbia. Anakimbia nini, Mjomba? Njia ya mwongo ni fupi, ulinifundisha mwenyewe nilipokula sukari nikasema ni sisimizi.

Nisingekusumbua kama ingekuwa miguu yangu tu. Kule juu kabisa kuna bibi mmoja mfinyanzi. Siku hizi anafinyanga vyungu kwa mikono mitupu, amekaa chini, mguu wa kushoto ameunyoosha, na kwenye mguu huo ana kidonda kikubwa kuliko kiganja changu. Kinataka kuoshwa na kufungwa mara tatu kwa wiki. Mimi kwa miguu nafika mara moja, nikijitahidi sana mara mbili. Kila nikifungua bandeji nakuta kimerudi nyuma. Mganga amesema kisipoanza kufunga kufikia mwisho wa Mei, bibi atapelekwa hospitali kubwa, na huko watakata. Hana mtu wa kumshusha mpaka kwetu. Akikatwa mguu, na gurudumu lake la kufinyangia, lile analolisukuma kwa mguu huohuo, litakuwa pambo.

Sasa unajua kwa nini naomba. Kama humpi Shemeji ruhusa, niambie sababu. Sitakasirika.

Halafu, tangu lini fundi redio akapumzika?

Mpwa wako

*

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Lori limepita mara mbili bila barua yako. Dereva anaapa barua yangu alikupa mkononi.

Huku mvua zimeanza, njia imekuwa utelezi. Mganga amepata mtoto wa kike, siku hizi mwenyewe anatembea akigongana na milango kwa kukosa usingizi.

Na mimi nimefanya kituko, bora ukisikie kwangu kabla dereva hajakitia chumvi. Kinyozi wa sokoni ana jenereta ndogo ya kuendeshea mashine ya kunyolea. Niliiazima siku ambayo hana wateja. Betri inataka saa nne mpaka ijae, nikajiona mjanja: kwa nini nikae ningoje, wakati naweza kuipandisha jenereta kwenye keria ya baiskeli, nyuma ya kiti, betri ijichaji huku naenda? Nikaifunga kwa mipira. Nikavuta kamba, ikawaka, nikachomeka chaja palepale, nikapanda.

Mjomba, ungeniona ungecheka mpaka ushike ukuta. Nilipita sokoni nangurumisha kama mashine ya kusaga, moshi nyuma, sanduku la dawa mbele, meno yananigongana. Kuku walipanda paa. Mbuzi wa mwalimu walikata kamba wakaingia darasani. Nilifika kona ya kwanza. Hapo nikasikia harufu ya kuungua, nikageuka, nikaona chaja inatoa moshi wake yenyewe, tofauti na ule wa jenereta. Nikasukuma vyote vitatu kurudi, kinyozi amesimama mlangoni na kitana mkononi.

Chaja hiyo hapo ndani ya boksi. Ni moja tu tuliyopewa. Nakuomba uitazame. Kama huwezi kunipa Shemeji, nipe mikono yako.

Mfinyanzi anazidi kuumwa. Juzi aliniuliza kama ni kweli nilipanda pikipiki inayolia.

Mpwa wako

*

4 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa mganga na mtoto wake. Chaja hii hapa, nzima. Fyuzi ilikufa, na kapasita moja ilivimba kama shavu lenye jino bovu. Nimeng'oa nyingine kwenye televisheni iliyoachwa hapa na mwenyewe akahama mji. Nimeijaribu. Kijitaa chake kinawaka chekundu halafu kijani, hilo naliona kwa macho.

Sasa nikuulize swali moja. Uliwasha taa?

Hukuwasha. Najua hukuwasha. Wewe! Angekuwa mtu mwingine ningemsamehe, lakini wewe uliyekuwa mtazama taa wa nyumba hii! Umesahau ile balbu iliyoning'inia juu ya cherehani, mama yako akiiwasha saa nane mchana, jua limejaa chumba kizima? Mtaa mzima ulimcheka. Wanawake wakipita dirishani walimwita, "Mwenye taa ya mchana, umepata mali?" Naye anatia uzi kwenye sindano, hajibu. Mimi fundi mwenyewe nilimwambia anapoteza moto. Akaniambia, "Kaka, wewe tengeneza redio."

Mwenyewe ndiye aliyegundua, kwa kuunguza mota ya kwanza akalia siku mbili. Jenereta ndogo ikiamka haijajua nguvu zake. Moto unapanda, unashuka. Ukiichomekea kitu papo hapo unakiunguza. Kwa hiyo alitanguliza balbu ionje. Inacheza, inacheza, halafu inatulia. Na wewe, miaka mitano, ulikaa chini ya meza, vipande vya kitambaa mapajani, shingo umeipinda kuitazama. Ikitulia unapaza sauti, "Imetulia, mama!" Hapo ndipo alipochomeka cherehani. Tangu ulipopewa kazi ile hakuunguza mota nyingine.

Wewe ukaenda ukachomeka chaja palepale, tena juu ya keria, kwenye mashimo! Kuna siku nitacheka. Leo bado.

Kuhusu Shemeji usiniulize.

Mjomba wako

*

21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimelia kidogo kwa ajili ya ile balbu. Nilikuwa nimeisahau kabisa, na nilipoisoma nikaisikia mpaka harufu ya vumbi lake likipata joto. Asante kwa chaja. Lakini kinyozi ameapa jenereta yake haitanijua tena, kwa hiyo chaja na baiskeli vinatazamana.

Naandika haraka, lori linangoja. Dereva amenieleza jambo, nimelitafakari usiku na mchana. Anasema safari zote amebisha hodi kwako mpaka mkono ukamuuma, ukiwa ndani, anakuona dirishani. Safari hii alisimama nyuma yako uani akakuita mara nne. Hukugeuka. Ulishtuka ulipoona kivuli chake ukutani.

Simu hupokei. Sufuria zinaungua. Maji yanachemka kimyakimya. Duka limefungwa. Mjomba, mimi ni muuguzi. Ingekuwa mgonjwa wangu anaandika barua hizi ningejua tangu ya kwanza, lakini ni wewe, na kwako nimekuwa mtoto wa chini ya meza.

Shemeji simtaki tena, kama ndiye anayekufanya unifiche. Nitapanda kwa miguu. Nataka jibu moja tu. Masikio yako yakoje?

Mpwa wako

*

8 Mei

Mama,

Marahaba.

Masikio yamekwenda. La kushoto liliondoka mwaka juzi bila kuaga. La kulia bado linafunga mizigo. Daktari alinitazama humo na kitochi chake akasema ni umri na kelele za kazi. Nikamwambia kelele ndiyo iliyokuwa kazi.

Duka nilifunga Novemba. Mteja mmoja aliniletea redio, nikaifungua, nikachomea waya mmoja, nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Nikamwambia, "Pole, bado haisemi." Akanitazama. Akamtazama mshona viatu. Redio ilikuwa inasema, mama. Ilikuwa inapiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wamesimama. Chumba kizima kiliisikia isipokuwa fundi. Yule bwana alikuwa muungwana, akasema, "Kweli, haisemi vizuri," akaichukua. Nikafunga mlango, nikatundika kibao cha mapumziko. Ningekuambia vipi wewe, uliyekuwa ukijisifu shuleni kwamba mjomba wako anasikia waya uliolegea akiwa chumba cha pili?

Sasa Shemeji. Ndiye sauti pekee iliyobaki inayonifikia yote. Jumamosi saa kumi, saa ambayo dada yangu alianza kushona sare za wanafunzi za Jumatatu, namwasha uani. Nawasha na ile balbu. Naingia chumbani, nakaa, naweka kiganja juu ya meza ya cherehani. Sikio linapata nusu, kiganja kinapata nusu, navijumlisha. Kwa nusu saa dada yangu anashona na mimi nina masikio. Ndiyo hivyo. Mzee mzima nimemnyima bibi wa watu mguu wake ili nisikilize kelele. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu, nikaacha kujibu kwa sababu niliona aibu zaidi.

Uliposema humtaki tena, hapo ndipo nilipomwona mama yako. Alikuwa hivyohivyo. Ukimnyima kitu anakuachia na alichonacho.

Shemeji yuko ndani ya lori. Nimemfunga kwenye blanketi la bluu. Kabureta haijawahi kuziba hata siku moja, nimeisafisha kila mwezi. Kuna plagi mbili za akiba, kamba mpya, na balbu, ileile, nimeizungushia soksi zangu tatu. Usimpandishe kwenye keria! Mweke chini, penye kivuli, moshi utoke nje. Taa kwanza. Mtu akikucheka mwache acheke.

Jumamosi iliyopita nilimwasha mara ya mwisho. Paka alikimbia kama kawaida.

Mjomba wako

*

1 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Shemeji amefika, hana hata mkwaruzo. Balbu imefika. Soksi yako moja ina tundu, nimeishona.

Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema. Nimemweka chini ya kibanda nyuma ya zahanati. Siku ya kwanza nilivuta kamba, akakohoa mara mbili kama ulivyokuwa ukimuiga, akawaka. Nikatundika balbu kwenye boriti. Saa nane mchana, Mjomba, jua kali. Mganga akatoka na mtoto mkononi akaniuliza kama nimeanza kutafuta kitu kilichopotea. Balbu ikacheza, ikacheza. Nilijikuta nimechuchumaa, shingo nimeipinda. Ikatulia, na mdomo wangu ukapaza wenyewe, kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo: "Imetulia, mama!" Nikachomeka.

Sasa nafika kwa mfinyanzi mara tatu kwa wiki, dakika arobaini kupanda. Mganga alikwenda mwenyewe juzi kumtazama. Kidonda kimeanza kufunga pembeni, nyama nyekundu, safi. Mguu haukatwi. Bibi amerudi kwenye gurudumu lake, anasukuma polepole, ananigombeza nikimwambia apumzike. Nilimweleza habari za Shemeji na habari zako. Alifuta udongo vidoleni, akasema, "Mwambie mjomba wako nimesikia."

Kuna jambo moja nimeliamua, sikuombi ruhusa. Siku nyingine nachaji wakati wowote, lakini Jumamosi naanza saa kumi kamili. Taa, halafu chaja. Kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Ukitaka kukaa mahali pako saa hiyo, kaa.

Mwezi wa saba nina likizo. Nakuja kukupeleka kwa wanaopima masikio. Kuna vifaa vidogo vya kuvaa sikioni. Usianze kubisha.

Mpwa wako

*

16 Juni

Mama,

Marahaba. Mimi fundi redio, nivae redio sikioni? Haya, njoo, tutabishana. Ukifika usibishe hodi, zunguka uani, unipungie mkono. Na ukikaa, kaa upande wangu wa kulia.

Msalimie mfinyanzi. Mwambie asukume.

Jumamosi iliyopita nilifungua chumba saa kumi kasoro dakika tano. Nilimwondoa paka, nikakaa, nikaweka kiganja mezani. Nisikudanganye tena, nimeacha hiyo kazi: sikusikia kitu. Meza ilikuwa meza. Paka alirudi akalala karibu na mkono wangu, hakuwa na sababu ya kukimbia. Lakini nilikaa nusu saa nzima, na nilijua kila kilichokuwa kinatokea. Sasa anavuta kamba. Sasa amekohoa. Sasa taa inacheza. Ilipofika saa kumi na dakika mbili nikasema kwa sauti, peke yangu, "Imetulia," na nikamwona dada yangu akichomeka.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Kazi ni kazi, mvua ni mvua, wagonjwa hawana saa. Iko Jumamosi utachelewa. Ikitokea, mpwa wangu, usiniambie.

Mjomba wako